Mkubwa Huchagua Vitunguu Kwanza

Siku tulipogawana vitunguu vidogo vya kupanda tulikuwa watu watano na mbuzi mmoja. Nawataja wote, asije akatokea mtu baadaye kusema hakuwepo. Wa kwanza ni mama mkwe wangu, Yunia Jwan, aliyemzaa marehemu mume wangu Sila, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho juu ya shamba. Wa pili ni Lado, kitinda mimba wa mama huyo, mfyatua matofali. Wa tatu ni Keji, mke wa Lado. Yeye na mimi tuliolewa katika nyumba moja, kwa hiyo tuliitana "mwenzangu", hata siku ambazo hatukusemezana. Wa nne ni Mama Letaru, Mlugbara wa Arua, asiye ndugu wa mtu yeyote pale. Yeye ndiye aliyenifundisha vitunguu nilipokuwa mkimbizi Uganda, kisha biashara ikamleta Juba, akafungua kibanda mtaa wa Sherikat karibu na daraja. Wa tano ni mimi, Poni. Mbuzi alikuwa wa Lado. Hakualikwa, lakini kivuli kizuri alikipata yeye.

Wajukuu zangu, naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyinyi mliosomea ng'ambo ya mpaka, Kibari chenu kina matundu kama wavu. Na naandika kwa sababu nimewaona vijana wa mtaa wa Nyakuron wakipanda vitunguu nyuma ya nyumba, na wanakosea. Nimewaona kwa macho yangu. Nilipita kimya, nikasema moyoni si shamba langu. Lakini nimepita mara tatu sasa, na kimya changu kina mwisho.

Kwanza tuelewane tunazungumza kitu gani. Kitunguu kina njia mbili za kuanza maisha. Njia moja ni mbegu nyeusi ile, unaotesha miche, unaihamisha, unaibembeleza. Njia ya pili ni yetu, ya kitunguu kidogo. Unamwaga mbegu kitaluni bila huruma, zibanane kama watu mlangoni pa kanisa siku ya Krismasi. Huzipunguzi. Maji unazipa ya kuonja tu. Zinahangaika, zinakata tamaa, zinatoa vitunguu vya ukubwa wa ncha ya kidole, majani yanakauka. Unaving'oa, unavianika, unavifunga mafungu, unavitundika ndani ya tukul, kile kijumba cha nyasi, juu ya meko, moshi uvipitie. Vinalala humo mpaka mvua kubwa ziishe. Ukivirudisha ardhini vinaamka na njaa, na ndani ya miezi mitatu umepata kitunguu cha kumwonyesha jirani. Njia hii msiitumie kwa watoto. Kwa vitunguu inafaa.

Mimi sikuzaliwa na ujuzi huu. Mara ya kwanza kupanda, kule uhamishoni, nilipanda mistari sita yote vichwa chini. Nilidhani ile ncha iliyochongoka ndiyo mzizi, maana hata mhogo ninaoujua huchongoka kwenda chini. Mama Letaru alikuwa jirani wa shamba. Alisimama akaniangalia hadi nikamaliza mstari wa sita, hakunisimamisha. Kisha akaja na Kiswahili chake cha Arua.

"Wewe mwanamke ya Sudani, hii kitunguu nafanya nini?"

"Nimepanda, Mama."

"Wewe napanda yeye miguu juu. Wewe iko nalala hivyo kwa nyumba yako?"

"Si kitaota tu?"

"Atatoka. Lakini kwanza atageuka chini huko, atakutukana, atachoka. Sasa geuza yote. Mimi iko hapa, naangalia."

"Kwa nini hukuniambia kwenye mstari wa kwanza?"

"Mstari moja unasahau. Sita hapana."

Ndivyo alivyofundisha. Kiswahili chake kilikwenda kinavyotaka, lakini vitunguu vyake vilisimama kama askari. Kwake nilijifunza kwamba kitunguu hakizikwi. Kinafunikwa kama mtu aliyejivutia shuka hadi kidevuni, kichwa kinaona jua. Ukikizamisha, nguvu yote inaishia shingoni. Nilijifunza kukata ule mkia mkavu wa juu kabla ya kupanda, kwa sababu ndege akiuona anadhani ni jani la kujengea kiota, anavuta, na asubuhi unakuta vitunguu vyako vimelala juu ya udongo kama walevi. Samadi ya mbuzi ikae kwanza, ipoe. Samadi mbichi inakupa majani ya kujivunia na chini hakuna kitu. Magugu ng'oa kwa vidole, kwa sababu mizizi ya kitunguu iko juu juu na jembe halina adabu.

Nafasi alipima kwa ngumi: kitunguu, ngumi, kitunguu, ngumi. Miaka mingi baadaye, nimesharudi Juba, alikuja shambani bwana mmoja wa shirika la misaada kutoka mtaa wa Thongpiny, mpole, viatu vyeupe. Akatandaza utepe wa kupimia, akatufundisha nafasi sahihi. Nikaweka ngumi yangu juu ya utepe wake. Ikaenea sawasawa. Akafurahi sana, akaandika kwenye daftari kwamba nimeelewa mafunzo, akanipa fulana na kipande cha sabuni. Utepe aliusahau. Lado aliuchukua, na kwa huo akaanza kupima ardhi yetu.

Hapo sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

Nilirudi kutoka Uganda mjane, na watoto wanne. Nyumba ya mume wangu ilikuwa na shamba ukingoni mwa mto, mbele ya Sherikat. Sehemu yake Lado alikuwa ameshaichimba yote kwa matofali; ilibaki mashimo, vyura wanaimba humo. Akaigeukia sehemu iliyobaki, ambayo ilikuwa ya Sila.

"Mama," alimwambia mama yake mbele yangu, "udongo ule umechoka. Tangu Sila afe hautoi kitu. Tofali halingoji mvua."

"Mtu ndiye hajaulima," nikasema.

"Mama Wani, wewe umeutoka miaka yote hiyo, unaujuaje?"

Wani ni mwanangu wa kwanza, na Lado aliniita hivyo kwa heshima pale alipotaka kuninyang'anya kitu.

Mama mkwe alifikiri, akatoa hukumu. Msimu mmoja. Mimi nipande upande wa chini karibu na maji, yeye atapanda upande wa juu kwa mkono wake mwenyewe, apime kama udongo umekufa. Mavuno ya pande zote yaje kwenye kichanja cha nyuma ya nyumba. Kichanja kikijaa vitunguu vya kuweka, vya kukaa hadi mvua zirudi, shamba litabaki shamba. Kisipojaa, Lado achimbe.

Mwelewe uzito wake. Shamba likikosa mazao mwaka huu, mwakani linaweza kupata. Lakini udongo ukishachomwa ukawa ukuta wa nyumba ya mtu, huwezi kumgongea ukamwomba akurudishie upande mboga. Na mimi sikuwa na kazi nyingine, wala mahali pengine pa kusimama.

Basi nikaotesha, nikanyima maji, nikakausha, nikatundika. Siku ya kugawana nikaleta kikapu katikati ya ua. Vitunguu vidogo havitoki sawa. Vile vya pembezoni mwa kitalu, visivyobanwa, vilikuwa vimenenepa, vingine kama yai la kuku. Vya katikati vilikuwa kama ncha ya kidole gumba, na vingine kama punje ya haragwe.

Kwetu mkubwa huchagua kwanza. Iwe nyama, iwe kiti, iwe samaki, mkono wa mdogo hauingii kabla ya mkono wa mkubwa. Na mkubwa huchukua kikubwa, hiyo haihitaji kuelezwa. Mama mkwe akavuta kikapu magotini, akaanza kuokota mayai yale.

"Poni, hivi vingine ni vya kupanda au ni dawa ya tumbo?"

"Ni vya kupanda, Mama."

"Nitachukua vyenye nguvu mimi. Nyinyi vijana mna mikono ya kulea wagonjwa."

Lado akacheka. Keji akacheka kwa sababu mumewe amecheka.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Kitunguu cha kupanda kikishakuwa kama yai, kimejiona mtu mzima. Ukikirudisha ardhini hakikubali kuwa mtoto tena, kinafikiria kuzaa tu. Kinagawanyika mara mbili, mara tatu, kinatoa shingo nene, kingine kinasimamisha kikonyo na ua. Kile kama ncha ya kidole, unachokidharau, ndicho kinachojaa na kuwa mviringo na kufunga shingo. Mimi nilijua. Mama Letaru alijua, na ndiye aliyenifinya mkono.

"Wacha yeye," akanong'ona. "Mkubwa nachukua kubwa. Wewe funga mdomo, chukua dogo, sema asante."

Nikasema asante.

Ningeweza kusema, "Mama, vile vidogo ndivyo vizuri." Maneno machache tu hayo. Sikusema, na kunyamaza kwangu nikakuita heshima. Wajukuu, haikuwa heshima. Nilikuwa na furaha hapa tumboni, kama mtu aliyekula vya wizi. Mama yule alikuwa ameonja kila mchuzi niliopika tangu niolewe, na kila mchuzi ulikosa chumvi. Nilitaka kuuona uso wake siku ya mavuno. Nilikuwa bingwa wa vitunguu, nimefundishwa na Mlugbara, nina fulana ya shirika, na sikukumbuka jambo ambalo hata mbuzi angelikumbuka: kichanja kilikuwa kimoja.

Tukapanda. Upande wake uliota kwanza, na kwa kishindo. Majani yalisimama, mabichi, manene. Ya kwangu yalikuwa kama uzi. Akaja na fimbo yake kukagua.

"Poni, upande wako umeota nywele za mtoto mchanga."

"Zitakua, Mama."

"Mtoto mwingine hazioti kabisa. Huvalishwa kofia."

Hiyo kofia ilizunguka Sherikat yote. Hadi leo kuna mwanamke pale sokoni, Rejina, binti wa marehemu Yakobo fundi baiskeli, akiniona ananiuliza habari za kofia.

Kisha mguu wa mama mkwe ukavimba, akawa haendi tena shambani. Ilikuwa kama wiki ya saba. Mimi na Keji tulikuwa tukichota maji mtoni kwa madumu, siku hizi mna pampu na bado mnalalamika. Siku hiyo Keji alisimama na dumu kichwani akiangalia upande wa juu.

"Mwenzangu, upande wa Mama una maua."

"Nimeyaona."

"Kitunguu na maua ni nini?"

"Ni kilio."

Akaweka dumu chini. Akachimbua kimoja kwa kidole, akakuta vitatu vimebanana kwenye ganda moja, vyembamba, shingo kama kidole gumba. Keji hakuwa mjinga.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile ya kikapu?"

"Tangu siku ile."

"Poni! Na ukasema asante!"

Nikamwuliza kama atamwambia mumewe. Akajipangusa maji usoni.

"Mimi nafua nguo za matope ya matofali kila siku ya Mungu. Akichimba na hapa, nitafua mpaka nizikwe. Simwambii. Lakini wewe una roho mbaya, mwenzangu."

"Malesh," nikasema. Ndilo neno letu la kuomba radhi hapa Juba, na ni fupi mno kwa makosa mengine.

Lado hakuhitaji kuambiwa. Maua yanaonekana barabarani. Akaja na vigingi na ule utepe, akapima shamba huku vitunguu vikiwa bado ardhini.

"Upande wa Mama mwenyewe umeshindwa, Mama Wani. Mimi niseme nini tena?"

Majani ya kwangu yalipoanza kulala yenyewe, nikaacha kumwagilia. Kumbukeni hilo: yalale yenyewe, msiyakanyage kuyaharakisha. Siku kumi bila maji, tukang'oa, tukaanika, tukabeba. Vya kwangu vilikuwa vizuri, sijisifu, ganda jekundu linalia ukiligusa. Vilijaza kichanja nusu na kidogo zaidi. Vya mama mkwe vilikuwa vingi kwa macho, lakini shingo nene. Kitunguu cha shingo nene hakiwekwi. Kinaoza ndani ya siku chache na kinaozesha jirani. Sasa mtaona nilivyofanya, na msinicheke. Nilimwaga vyake kichanjani kwanza, nikatandaza vyangu juu yake. Keji alinisaidia bila kuniangalia. Kichanja kikajaa hadi kufurika. Kwa kazi yangu, hiyo ni dhambi kubwa kuliko nyingine zote, kuweka kibovu chini ya kizima.

Siku ya hukumu mama mkwe alitoka na fimbo yake. Lado alikuwa amekuja na koleo mbili, amezisimamisha ukutani, na kweli ni mtu wa kujiandaa. Mama Letaru alipita "kusalimia".

Mama mkwe akaangalia kichanja. Akaokota cha juu, akabonyeza shingo kwa kidole gumba, ikagoma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kupumua. Kisha akapandisha mkono wa gauni, akauingiza mkono wote hadi begani chini kabisa ya kichanja, kama wazee wanavyopima gunia la mtama. Akatoa kimoja cha kwake.

Akabonyeza. Kidole kikazama.

Akakigeuza, akaona kilivyogawanyika, akaona kikonyo kilichokatwa. Kisha akaniangalia mimi. Si kwa hasira. Aliniangalia kama mtu anayesoma barua ndefu na amefika mwisho.

"Ni nini, Mama?" Lado akauliza.

Nikafungua mdomo niseme yote. Nilikuwa nimeamua, naapa. Lakini mkubwa husema kwanza.

"Ni vitunguu vyangu hivi," akasema mama mkwe. "Nilivyochagua mwenyewe, vyenye nguvu."

"Nionyeshe hicho."

"Hiki cha mchuzi wa leo." Akakitia kwenye mfuko wa gauni. "Kichanja kimejaa. Au mwanangu unataka kusema mama yako hajui kuchagua kitunguu?"

Lado alitazama kichanja, akamtazama mama yake, akatazama koleo zake. Mtu angejibu nini hapo?

"Hapana, Mama."

"Kalas, yamekwisha. Kachimbe kwingine."

Akachukua koleo zake akaenda. Mama mkwe akangoja hadi mgongo wake upotee.

"Poni."

"Naam, Mama."

"Siku ile uliponiambia asante. Ulikuwa unaniheshimu au unanicheka?"

"Nilikuwa nakucheka, Mama."

Mama Letaru alikuwa anachunguza ukuta kana kwamba anataka kuununua.

"Vizuri," akasema mama mkwe. "Sasa, hivi vya chini viishe kabla havijanuka. Lado asivione. Pika."

Tukapika. Tulikula vitunguu na samaki, vitunguu na bamia, vitunguu na vitunguu. Watoto wangu walinuka hadi mwalimu akawaweka dirishani. Lado mwenyewe alikuja mara nne, akala ushahidi sahani kwa sahani, akamsifu mama yake kwa vitunguu vitamu. Na kila sahani mama mkwe alionja, akasema imekosa chumvi.

Mwaka uliofuata tulikaa tena uani kugawana. Kikapu kikawekwa, sote tukangoja mkono wa mkubwa. Mama mkwe akainama, akaanza kuokota vidogo. Kimoja kimoja, vile vya ncha ya kidole, hakuruka hata kimoja. Alijaza kitambaa chake, akafunga fundo, kisha akanisukumia yale mayai yaliyobaki.

"Chukua, binti yangu. Wewe bado una nguvu."

Mama Letaru alishika ukuta kwa kicheko. "Mama hii mwalimu kuliko mimi!" alisema, akalia machozi bila kukata kitunguu. Nikasema asante. Safari hii ilikuwa heshima kweli, ingawa iliuma. Mayai niliyatia mchuzini, nikapanda mabaki ya mabaki aliyonipa baadaye kwa huruma.

Shamba lipo, njooni mlione. Mama mkwe amelala karibu nalo, na katika kikapu sasa mkubwa ni mimi. Mkija siku ya kugawana msitarajie vidogo.

Basi, kama nimekosea, nisahihisheni. Huenda Lado alileta koleo tatu, si mbili. Huenda wiki ilikuwa ya nane. Keji, mwenzangu, kama wakikusomea haya huko kwa binti yako, niambie kama kweli ulisema nina roho mbaya au ulisema jambo baya zaidi nikalipunguza. Majina, siku, maneno ya watu, yote nasahihishwa na nashukuru. Lakini anayetaka kunisahihisha juu ya ukubwa wa kitunguu cha kupanda, akapande kwanza.